Umri wa Mtungi Mwekundu

Mji wa Sumbawanga haukubahatika kufikiwa na reli. Njia ya gari moshi itokayo Kaliua hukomea Mpanda, na ile ya TAZARA hupita Tunduma ikaenda zake Zambia, hata shehena yote ipandayo uwanda wa Ufipa, iwe saruji, mbolea, bati au mafuta, na mahindi yote yateremkayo kwenda kulisha mikoa mingine, hubebwa na malori. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni safari ya kilomita zaidi ya 1,100, na kufika si kupumzika, kwa maana wakati wa mavuno lori huweza kukaa kwenye foleni ya maghala siku baada ya siku, dereva na utingo wake wakilala kwenye kitanda kilicho nyuma ya viti, wakipika wali kwenye jiko dogo la gesi kando ya tela, na wakianika nguo zao juu ya vioo vya pembeni.

Wageni wachache waingiao kutoka Zambia kwa mpaka wa Kasesya, wakiwa na magari yenye hema juu ya paa au yenye chumba kamili cha kulala, jiko na friji, njiani kwenda kutazama maporomoko ya Kalambo au wanyama wa Katavi, hufanya kwa starehe jambo lile lile ambalo dereva wa lori hulifanya kwa dharura. Hitilafu baina yao ni ya mapambo. Hatari ni moja. Katika nafasi isiyozidi chumba kidogo wamekusanyika dizeli, betri, nyaya, mtungi wa gesi ya kupikia, godoro la sifongo, mablanketi na binadamu aliyelala, na milango ya kutokea ni miwili, pengine mmoja. Sifongo ikishika moto hutoa moshi mzito wenye sumu kabla mwali wenyewe haujawa mkubwa, basi mwenye kulala humo hapewi muhula wa kushauriana na nafsi yake.

Kila gari la namna hii hubeba mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Aghalabu mtungi huo ulinunuliwa siku moja na gari, ukafungwa mahali ambapo trafiki atauona bila ya kuinama, na tangu hapo haukuguswa tena isipokuwa kwa kitambaa cha kufutia vumbi siku ya ukaguzi. Mwenye gari huubadilisha mpira wa tairi ukiisha, humwaga oili kwa hesabu ya kilomita, hukaza breki, lakini mtungi huudhani kuwa ni kitu kisichozeeka, kwa sababu hautumiki. Nasema ya kwamba mtungi huzeeka hasa kwa kutotumika, na huzeeka upesi zaidi juu ya uwanda huu kuliko mwambao. Na ule mshale mdogo ulio kwenye rangi ya kijani, ambao watu wote huutegemea, hushuhudia jambo moja tu kati ya mambo matano au sita yanayotakiwa.

Chombo chenyewe si kigeni sana duniani. Kapteni George William Manby, Mwingereza, alikionyesha mwaka 1818 kikiwa ni pipa la shaba lenye galoni 3 za maji yaliyochanganywa na magadi ya majivu, likisukumwa na hewa iliyoshindiliwa ndani. Karne iliyofuata yalikuja mabomba madogo ya shaba nyeupe yaliyojazwa kaboni tetrakloridi, yakapendwa sana na wenye magari, mpaka ikathibiti kuwa dawa ile ikikutana na joto kali huzaa fosjini, gesi iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu vya Kwanza. Kisha ikaja haloni, iliyozima vizuri mno bila ya kuacha uchafu, lakini ikala tabaka la ozoni angani, ikawekwa katika orodha ya vitu vya kukomeshwa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Atakayenunua gari kuukuu la kulala kutoka ng'ambo na kukuta ndani yake mtungi wa haloni, asiufungue kwa majaribio wala asiutupe; auwasilishe kwa Zimamoto.

Leo gari hubeba poda. Poda iliyo bora kwa gari lenye watu waishio ndani ni ile iliyoandikwa herufi ABC, ambayo asili yake ni fosfeti ya amonia: hukata mwako wa mwali wenyewe, na juu ya kaa la mbao au nguo huyeyuka ikatandaza utando mfano wa kioo unaozuia hewa isilifikie kaa. Iliyoandikwa BC, ambayo mara nyingi ni baikaboneti ya sodiamu, ndugu wa unga ule utiwao katika maandazi, huzima mafuta na gesi upesi sana, walakini godoro lililokwisha kushika moto ndani litaendelea kuvukuta, na baada ya robo saa utaliona linawaka tena. Sharti pia mnunuzi ajue ya kuwa herufi hizo si za madhehebu moja: katika utaratibu wa Ulaya na wa kimataifa, C ni moto wa gesi na F ni wa mafuta ya kupikia, ilhali kwa Wamarekani C ni moto penye umeme na mafuta ya kupikia wameyapa K, kwa hiyo asome na picha zilizochorwa pembeni.

Kuna na mtungi wa hewa ya ukaa, mweusi mdomo kama tarumbeta, ambao haukosi sifa kwa vyombo vya umeme, lakini ndani ya kabini iliyofungwa hewa hiyo humfukuzia mtu pumzi yake, na nje, penye upepo wa Ufipa, hutawanyika kabla ya kufanya kazi. Sioni mahali pake katika lori.

Sasa tuutazame ule mshale. Mtungi wa poda wa kawaida umeshindiliwa naitrojini kavu kwa nguvu ya baa 12 hadi 15 hivi, na kipimo chake huonyesha tofauti iliyopo baina ya nguvu ya ndani na hewa ya nje. Tuseme mtungi umejazwa Dar es Salaam alasiri, joto likiwa nyuzi 32, mshale ukasimama kwenye baa 14. Lori linapanda Kitonga, linapita Mbeya na Tunduma, linafika Sumbawanga, mji ulio kwenye kimo cha mita zipatazo 1,800, katika mwezi wa Juni au Julai, ambapo alfajiri baridi huweza kushuka hadi nyuzi 8. Gesi iliyofungwa hupungua nguvu kwa kadiri ya baridi, na hesabu yake ni nyepesi: mshale utashuka kiasi cha baa 1, ijapokuwa hakuna hata chembe iliyovuja. Hewa ya uwandani, ambayo ni nyepesi kuliko ya pwani, huurudisha juu kidogo, kama sehemu mbili katika kumi za baa, basi kushuka kwake hakuonekani kwa ukamilifu. Dereva ajuaye haya hatataharuki akiuona mshale umesogea alfajiri, bali atautazama tena saa saba mchana. Na ukiwa umerudi mahali pake, mtungi hauna taksiri.

Kinyume chake ndicho kinachodanganya. Lori hilo hilo likiteremka ukuta wa bonde kwenda Muze au Mtowisa, karibu na Ziwa Rukwa lililo kwenye kimo cha mita 800 hivi, na kabini yake ikafungwa vioo mchana kutwa juani, joto la ndani hupita sana lile la kivulini, na mshale hupanda. Mtungi uliokwisha kuvuja robo ya nguvu yake huweza kuonekana mzima saa hiyo. Ndiyo maana nashauri mshale usomwe asubuhi, kabla jua halijapiga kioo, na usomwe saa ile ile kila mara, ili leo ilinganishwe na mwezi uliopita. Na kabla ya kusoma, kipigwe kipimo kwa ncha ya kidole. Mshale uliokwama kwa kutu au vumbi hautatikisika, na mshale usiotikisika haufai kuaminiwa hata ukiwa katikati ya kijani.

Jambo la pili ambalo mshale hauna habari nalo ni hali ya poda. Barabara ya lami kutoka Tunduma imepunguza taabu nyingi, lakini mahindi hayalimwi pembeni mwa lami, na njia za vumbi ziendazo vijijini zina mawimbi madogo magumu yanayolitetemesha gari kwa saa nyingi mfululizo. Poda iliyomo mtungini ni laini mno, chembe zake zimetiwa dawa ili zitiririke kama maji, lakini mtikisiko usiokoma huzishusha na kuzishindilia chini, pale pale ulipo mdomo wa mrija unaoipandisha juu. Siku ya haja, mkono unabanwa, naitrojini inatoboa tundu katikati ya donge na kutoka peke yake kwa mlio wa kutisha, nayo poda imebaki chini. Mshale ulikuwa kwenye kijani. Haukusema uongo, maana haukuulizwa.

Wako mafundi wasemao ya kwamba poda za zama hizi hazigandi kirahisi, na kwa mtungi uliotundikwa ukutani ofisini nawaunga mkono. Katika gari la uwanda wa Ufipa, hadhari haina gharama. Kila mwezi uutoe mtungi kwenye kishikizio, uupindue kichwa chini, uulete karibu na sikio, uurudishe juu taratibu, na tena. Utasikia na utahisi mkononi uzito unaohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa mchakacho mwororo. Usiposikia kitu, upige kitako chake kwa kiganja au kwa nyundo ya mpira hali umepinduliwa, kisha ujaribu tena. Na ikiwa bado uko kimya, basi poda imeshika maji au imekuwa jiwe, nao mtungi huo umekwisha, hata kama karatasi ya ukaguzi inasema umebaki na miezi 7.

Tatu ni mdomo. Mtungi wenye mpira mfupi wa kutolea poda, uliowekwa nje ya kabini kwenye kikapu cha chuma, ni nyumba iliyo tayari kwa nyigu wa udongo, wale wembamba wa kiuno wanaojenga vyumba vya matope katika matundu ya kufuli na mabomba. Nyigu mmoja huhitaji siku chache tu za gari kukaa kwenye foleni. Huziba tundu kwa udongo mgumu, ndani ameweka buibui aliowatia ganzi kwa ajili ya watoto wake, na kwa nje hauonekani mpaka mtu achungulie. Uchungulie basi, kwa tochi, na uondoe udongo kwa kijiti laini. Baadaye funika mdomo kwa kipande cha nailoni nyembamba kilichofungwa kwa uzi dhaifu, ambacho poda itakirusha bila ya shida. Wala usikifunge kwa solotepu ya fundi umeme mara tatu nne, kama nilivyopata kuona, kwani hiyo yaweza kuwa kizibo kibaya kuliko cha nyigu.

Pini na lakiri yake ya plastiki nazo zitazamwe. Utetemekaji huikata lakiri, pini ikaanza kutoka kidogo kidogo, na siku moja begi linaukandamiza mkono wa mtungi, poda inatoka pumzi moja tu, dereva anairudisha pini na kushukuru kwamba haukuisha. Hapo ndipo penye kosa kubwa. Mtungi wa poda ukifunguliwa hata kwa nukta moja, chembe za poda hubaki katika kikalio cha valvu, isifunge barabara tena, na gesi hupenya kimya. Jioni mshale uko mahali pake, baada ya siku kadhaa uko kwenye nyekundu. Kwa sababu hiyo hakuna jambo liitwalo kuujaribu kidogo kuona kama unafanya kazi. Uliofunguliwa umetumika, na sharti ujazwe upya au ubadilishwe.

Na kujazwa kwenyewe kuna elimu yake. Yapo maduka na karakana yenye mashine ya kupitisha poda, mizani, na chupa ya naitrojini, na fundi wa hapo huufungua mtungi, akautazama ndani kwa taa, akabadilisha mpira wa valvu, akaandika tarehe kwenye kibandiko. Kadhalika wapo wajasiri ambao huupeleka mtungi kwa mpiga pancha, wakaunganisha mpira wa kompresa, wakajaza upepo hadi mshale ukapanda. Upepo wa kompresa una mvuke wa maji, na maji ndiyo adui wa poda. Katika miezi ya mvua, Novemba hata Aprili, hewa ya Sumbawanga imelowa kiasi cha kutosha kuigandisha poda ndani ya majuma machache. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kuchanganya poda. Fundi asiyejali hukuta mtungi wa ABC umebaki na poda nusu, akaujalizia kwa baikaboneti aliyonayo. Fosfeti ni asidi, baikaboneti si asidi, na zikikutana penye unyevu hushindana, zikatoa hewa ya ukaa na maji. Maji hufanya donge, na hewa huongeza nguvu ndani ya chuma kisichopimwa kwa nguvu hiyo. Mshale utaonekana umepanda vizuri, na mwenyewe atafurahi.

Kwa hiyo mtu akijaziwa mtungi na aulize mambo matatu: umetia poda gani, umeshindilia gesi gani, na uzito wake kamili ni ngapi. Uzito huo ulinganishwe na ulioandikwa ubavuni mwa mtungi. Mizani ya magunia haifai kwa kazi hii, kwa kuwa haioni gramu. Lakini mizani ya dukani, ile wapimiayo dagaa wa Tanganyika sokoni, hutosha kabisa kwa mtungi mdogo, na hakuna muuza dagaa aliyekwisha kumnyima dereva fadhila hiyo, ila atacheka kidogo. Kwa mtungi wa hewa ya ukaa, ambao hauna mshale kabisa, mizani ndiyo njia pekee: ikipungua sehemu moja katika kumi ya uzito wa gesi yake, ujazwe.

Tukija kwenye umri, desturi za mataifa hutofautiana, lakini hukaribiana. Kanuni za Marekani hutaka mtungi wa poda utazamwe kila mwezi na mwenyewe, ukaguliwe na fundi kila mwaka, ufunguliwe ndani kila baada ya miaka 6, na upimwe kwa nguvu ya maji baada ya miaka 12. Ule mdogo usioweza kujazwa tena huondolewa kazini baada ya miaka 12 tangu ulipotengenezwa. Waingereza huutaka ukaguzi wa mwaka, na kila mwaka wa 5 kuufungua wote. Miaka hiyo iliandikwa kwa mitungi iliyotulia kwenye kuta. Mimi, kwa mtungi wa kilo 1 au 2 uliofungwa ndani ya gari litembealo uwanda huu na bonde lake, sitaki uvuke mwaka wa 5 bila ya kufunguliwa, na kama ni wa aina isiyofunguka, sitaki uvuke mwaka huo ndani ya gari. Mwaka wa kutengenezwa hugongwa kwenye kitako au shingoni, na ndio wa kusomwa. Tarehe ya kibandiko cha dukani ni ya kuuza. Kutu kwenye kitako, mbonyeo ubavuni, au alama ya kuchomelewa, yoyote kati ya hayo humaliza mjadala: chuma kilichobeba baa 14 hakichomelewi.

Wala mtu asidhani kuwa jina kubwa la kiwanda humwondolea wajibu wa kutazama. Novemba 2017 kampuni ya Kidde iliwataka watu wa Marekani na Kanada warudishe mitungi ipatayo milioni 40, yenye mikono au vitufe vya plastiki, iliyotengenezwa tangu 1973, ambayo mingi yake ilikuwa katika nyumba, mashua, magari na nyumba za magurudumu. Ilionekana ya kwamba huweza kuziba au kuhitaji nguvu kupita kiasi, na mdomo wake huweza kuchomoka. Kifo kimoja kilihusishwa nayo, cha mtu aliyekuwa katika gari lililowaka mwaka 2014 baada ya kugongana, ambapo waokoaji hawakuweza kuufungua mtungi. Plastiki kichwani mwa mtungi si haramu, lakini mwenye hiari achague shaba au aluminiamu. Jua la uwandani ni kali, na huila plastiki.

Mahali pa kuuweka mtungi panahitaji tafakuri kidogo. Watu wengi huuweka karibu na jiko, kwa dhana ya kuwa moto utaanzia huko. Moto ukianzia huko, mtungi utakuwa upande wa pili wa mwali. Uwe mlangoni, ambapo anayetoka ataupata na anayerudi atauchukua, na katika lori lenye kitanda uwe mahali ambapo mkono wa aliyelala unaufikia gizani. Gari la chumba na jiko linataka miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na huo wa pili usiwe mdogo kuliko kilo 2. Maana ifahamike ya kuwa mtungi wa kilo 1 humaliza poda yake kwa sekunde zisizozidi 10. Ukianza kuutupia nje ya shabaha, umebaki na sekunde 4.

Chomoa pini ukiwa mbali hatua mbili au tatu, simama upepo ukiwa mgongoni, elekeza mdomo kwenye shina la moto wala si kwenye ndimi zake, bana, ukafagie kushoto na kulia huku ukisogea. Habari za upepo Wafipa hawahitaji kufundishwa: wazee wao waliyeyusha chuma katika tanuri refu la udongo liitwalo ilungu, lililoupita urefu wa mtu, ambalo lilijivutia hewa lenyewe kwa matundu ya chini bila ya mivukuto, na magofu ya matanuri hayo bado yako porini. Ndiyo kanuni inayofanya kazi chini ya boneti. Moto wa injini ukionekana, usiinue boneti yote, kwani umelifungulia tanuri. Uachie kufuli tu, upenyeze mdomo wa mtungi katika ufa, na umwage poda yote.

Moto wa gesi una adabu ya pekee. Ukiuzima mwali kabla ya kufunga valvu ya mtungi wa gesi, gesi itaendelea kutoka bila ya kuonekana, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, itashuka na kutanda sakafuni mwa chumba au chini ya tela, ikingoja cheche ya friji au ya swichi. Funga valvu kwanza. Mwali utakufa wenyewe. Ikiwa valvu haifikiki, uzime vitu vilivyo pembeni, uwatoe watu, uache gesi iwake mahali pamoja. Na kama ni tangi la mafuta lililopasuka, mtungi si silaha yake. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha Msamvu, Morogoro, baada ya ajali ya tarehe 10 Agosti 2019, walipolikaribia lori la mafuta lililopinduka. Baki mbali, upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Hapa niongeze neno moja lisilohusu mtungi, kwa sababu baridi ya Ufipa hulilazimisha. Jiko la mkaa likiingizwa katika kabini usiku wa Julai, vioo vimefungwa, halitoi mwali wala moshi wa kumwamsha mtu. Hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, na waliolala huendelea kulala. Hakuna poda ya kuizima. Blanketi la pili ni rahisi kuliko mkaa.

Mtungi uliofikia mwisho wa umri wake usiuzwe na nguvu zake kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye ataukata kwa tindo na nyundo bila ya kuuliza. Una kazi moja iliyobaki. Siku ya kununua mpya, uchukue ule wa zamani hadi uwanja wazi, mbali na nguo za watu na maboma ya ng'ombe, uwakusanye wote walalao garini, dereva, utingo, na mke akiwapo, uwashe majani makavu na matambara katika karai, ukampe mtungi yule ambaye hajapata kuushika. Aghalabu utingo huanza kwa kuubana kabla ya kuchomoa pini, akabana kwa nguvu zake zote mpaka kidole kikauma, ndipo akakumbuka. Na afadhali akumbuke hapo. Poda iliyobaki juu ya nyasi ifukiwe, na iliyorukia gari ifutwe kavu na kisha ioshwe kwa maji mengi siku hiyo hiyo, kwa kuwa fosfeti ikipata umande hula nyaya na chuma. Mtungi ukiisha kunyamaza, mshale ukawa kwenye sifuri, valvu ifunguliwe kwa spana, kichwa kitengwe na mwili, ndipo chuma kiende kwenye mizani ya chakavu.